Kilio Kutoka Shimoni

Dominika iliyo jirani na sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda
Masomo ya kutafakari: Mwa 37:12-30, Mwa 42:21-22, Mt 18:1-10



Leo tunapenda kuketi nanyi kitambo kando ya shimo moja lililoko nyikani, karibu na Dothani. Ni shimo tupu, halina maji. Ndani yake yumo kijana wa miaka kumi na saba, Yosefu mwana wa Yakobo. Waliomtupa humo si wanyang'anyi wala wageni. Ni kaka zake wa baba mmoja. Wamemvua kanzu yake, wamemtumbukiza, kisha wameketi kula chakula.

Jambo hilo la mwisho lisitupite. Waliketi, wakala. Sura ya 37 ya kitabu cha Mwanzo haisemi kama Yosefu alitamka neno lolote akiwa shimoni, na msomaji aweza kudhani kwamba alinyamaza. Lakini tukifika sura ya 42, miaka kama ishirini imekwisha kupita. Kaka wale wamekwenda Misri kutafuta nafaka, nao wamepatwa na shida. Ndipo wanapokiri wao kwa wao kwamba waliiona taabu ya ndugu yao alipowasihi, nao wakakataa kumsikiliza. Kumbe Yosefu alilia! Alilia wakati wao wakimega mkate. Na kilio kile, ambacho siku ile hakikuwazuia kula, kilikuwa kimekaa masikioni mwao miaka yote ile.

Ndugu wapendwa, tumelileta shimo hili mbele yenu kwa sababu limo katika shule nyingi za watoto wetu. Mtoto wa kidato cha kwanza anafika bwenini na sanduku lake la bati. Mama yake amemfungia sukari, sabuni na daftari, vitu vilivyopatikana kwa kuuza kuku au kwa kukopa. Kabla ya juma kwisha, sukari imeliwa na wakubwa, sabuni imechukuliwa, na yeye mwenyewe anaamshwa usiku wa manane awafulie nguo au awachekeshe. Akikataa anapigwa. Akilia anapewa jina la aibu, na jina hilo litamfuata hadi amalize shule. Wamemvua kanzu yake, kama Yosefu. Katika shule za kutwa shimo liko njiani, au nyuma ya vyoo, au katika simu ya mkononi, ambamo picha ya mtoto hupelekwa huku na huku ili wenzake wamcheke. Wanaotupwa humo kwanza ni wale walio na ulemavu, wenye ualbino, maskini wa sare, mayatima, wenye kigugumizi, na wasichana.

Mtaalamu Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu huu katika nchi za Skandinavia tangu miaka ya 1970, aliueleza kwa alama tatu: hufanywa kwa makusudi, hurudiwa mara kwa mara, na anayetenda ana nguvu kuliko anayetendewa. Basi ugomvi wa watoto wawili walio sawa, wanaopigana leo na kesho wakagawana muwa, ni jambo jingine. Uonevu ni nguvu iliyogeuzwa kuwa mzigo juu ya mnyonge. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba, duniani, karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake walau mara moja katika mwezi uliotangulia kuulizwa kwake. Tuwahesabu watoto wa jumuiya yetu, kisha tuwagawe kwa tatu.

Sasa tumtazame Reubeni, mzaliwa wa kwanza. Maandiko yanamtendea haki: hakutaka Yosefu afe. Aliwashauri wenzake wasimwage damu, wamtupe tu shimoni, huku moyoni akikusudia kurudi baadaye kwa siri amtoe na kumrudisha kwa baba yao. Nia yake ilikuwa njema. Lakini aliifanya nia hiyo kuwa siri. Hakusema mbele ya wote kwamba jambo hili ni dhambi na yeye hatashiriki. Aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Ndugu yake alikuwa amekwisha kuuzwa. Akararua mavazi yake.

Akina Reubeni ni wengi. Ni kiranja anayejua kinachotendeka bwenini baada ya taa kuzimwa, akaona afadhali asubiri. Ni mwalimu wa zamu anayesikia kelele, akapita mbali. Ni wanafunzi thelathini wanaomtazama mmoja akiteswa, wote wakiwa na huruma, wote wakiwa kimya. Mwonevu akitazama nyuso za kimya huona nyuso za kukubali. Kwa hiyo kimya cha wema ndicho kuni za moto wake.

Ndipo tunapowageukia watakatifu tunaowaheshimu tarehe 3 Juni. Katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda walikuwamo vijana watumishi, wengi wao wadogo, wakiishi pamoja kama wanafunzi wa bweni. Kabaka aliwataka baadhi yao kwa matakwa machafu. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa mkubwa wao, aliwakinga. Tena alimkemea Kabaka kwa kumwua Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga alijua vema kilichompata mkubwa aliyewalinda wadogo. Hata hivyo alichukua nafasi hiyo hiyo na kazi hiyo hiyo. Mwezi Mei 1886, hatari ilipokuwa mlangoni, aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa chini ya uangalizi wake, mmojawapo akiwa Kizito, mtoto wa miaka kama kumi na minne. Siku ya Kupaa kwa Bwana, tarehe 3 Juni 1886, walichomwa moto Namugongo, mkubwa na mdogo.

Reubeni alitaka kuokoa kwa siri. Lwanga alisimama mbele ya watu, na wadogo walijua yuko upande wao. Hapo ndipo lilipo fundisho letu la leo: Mungu humpa mtu ukubwa ili aliye mdogo apate kivuli. Umri, nguvu, cheo cha ukiranja, fimbo ya ualimu, vyote vimetolewa kwa ajili hiyo. Bwana wetu alimweka mtoto katikati ya mitume waliokuwa wakiuliza nani aliye mkuu, na akawaonya vikali juu ya kumkwaza mmoja wa wadogo hao.

Wapendwa, jina la Kizito linatuumiza kwa sababu nyingine pia. Ilikuwako shule ya sekondari ya wavulana na wasichana huko Meru, nchini Kenya, iliyopewa jina la mtakatifu huyo. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991 wavulana waliwavamia wasichana katika bweni lao, baada ya wasichana kukataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walikufa, na wengine 71 walibakwa. Walioeleza habari za shule ile baadaye walisema kwamba kuwasumbua wasichana halikuwa jambo geni pale. Yaani ufa ulikuwako kabla ukuta haujaanguka. Wahenga walitufundisha kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Lakini ukuta wa namna ile hakuna fundi awezaye kuujenga tena. Kizito wa Buganda alikuwa na Lwanga. Usiku ule wa Meru, wasichana hawakumpata Lwanga hata mmoja kati ya wavulana waliowajua kwa majina.

Tena mwezi Mei 1999, katika shule moja ya wavulana huko Nyeri, viranja wanne walichomwa kwa petroli vyumbani mwao na wanafunzi wenzao, wakafa. Hakuna sababu yoyote iwezayo kuhalalisha mauaji yale. Lakini yanatuonya kwamba hasira isiyopata mahali pa kusemwa hutafuta mahali pa kuwaka, na mara nyingi huwaunguza vijana wenyewe.

Wako wanaosema: "Hiyo ni desturi ya shule. Hata sisi tulipitia, na tumekuwa watu." Wanasema pia kwamba mateso humkomaza mtoto. Tuwajibu kwa upole. Mtoto anayeonewa mwaka huu hungoja mwaka ujao ili naye amwonee mwingine. Hivyo deni hulipwa na asiyedaiwa. Kinachokomaa hapo ni ukatili. Na wale tusiowaona leo, walioacha shule, waliopoteza akili za masomo, waliojiua kwa fedheha, hao hawapo mbele yetu kutuambia kama walikomaa.

Basi tufanye nini? Kwanza, wazazi. Nyumba ya Yakobo ilipanda chuki yake yenyewe, kwa kumpenda mtoto mmoja waziwazi kuliko wengine. Mtoto anayemwona baba akimpiga mama hujifunza kwamba mwenye nguvu hana wa kumwuliza. Tena mtoto akirudi likizo amekonda, anaota ndoto mbaya, anapoteza vitu kila mara, au anaugua tumbo kila siku ya kurudi shule, asiitwe mvivu. Aketishwe, aulizwe kwa utaratibu, na asikilizwe hadi mwisho. Mzazi asimwambie arudi akapigane. Aende naye shuleni.

Pili, walimu. Huko Luwero, nchini Uganda, shule za msingi 42 zilihusishwa katika uchunguzi ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Nusu ya shule hizo zilifuata kwa miezi kumi na minane mpango wa kubadili maisha ya shule nzima: walimu, wanafunzi na uongozi kukubaliana juu ya kanuni, kusifu mema, na kutoa adhabu zisizodhalilisha. Katika shule ambazo hazikuwa na mpango huo, watoto 49 kati ya kila 100 walisema wametendewa ukatili wa kupigwa na watumishi wa shule katika juma lililotangulia. Penye mpango walikuwa 31. Bado ni wengi, lakini tofauti hiyo ni watoto wenye majina na migongo. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya nafsi. Mwalimu anayetawala kwa kuogopwa huwafundisha wakubwa wa darasa kutawala vivyo hivyo.

Tatu, ninyi makatekista. Fimbo isikae juu ya meza ileile penye katekisimu. Mtoto anayepigwa kwa kusahau sala atamjua Mungu kama mpigaji. Katika mafundisho ya Kipaimara, wapeni vijana zoezi hili: kila mmoja ataje kimoyomoyo mwenzake anayetengwa shuleni, kisha juma hilo aketi naye wakati wa chakula. Ni jambo dogo, lakini huvunja karamu ya wale walioketi kando ya shimo. Na mtoto akiwafunulia siri ya kuumizwa, msimwahidi kwamba mtanyamaza. Mwahidini kwamba hatakuwa peke yake, kisha mwende naye kwa wanaohusika. Katika Kenya, Tanzania na Uganda, namba ya simu 116 hupokea bila malipo taarifa za watoto walio taabuni.

Nne, wanafunzi wapendwa mnaotusikiliza. Kusema ukweli ili kumwokoa mwenzako hakukufanyi msaliti. Aliye peke yake huogopa. Basi semeni wawili au watatu pamoja. Na wewe unayeonewa, fahamu kwamba aibu si yako. Yosefu hakuwa na kosa la kuwa shimoni.

Neno letu la mwisho ni kwa yule anayeonea. Tusidhani Mungu amemwacha. Yuda ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yosefu. Lakini katika sura ya 44, Benyamini mdogo alipotakiwa abaki Misri kama mtumwa, Yuda huyohuyo alisogea mbele akaomba abaki yeye badala ya mtoto. Aliyewahi kumwuza mdogo sasa anajitoa kwa ajili ya mdogo. Yosefu aliposikia hayo hakuweza kujizuia. Alilia kwa sauti, akajitambulisha kwa ndugu zake. Kwa hiyo mwonevu arudiwe, aadhibiwe kwa haki, arudishe alichochukua, aombe msamaha mbele ya aliyemwumiza, na apewe kazi ya kumlinda mdogo. Shule ikimfukuza tu, atakwenda kuchimba shimo jingine mahali pengine.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyekisikia kilio cha Yosefu wakati ndugu zake walipokuwa wakila, uyafungue masikio yetu. Uwape wakubwa wa shule zetu moyo wa Karoli Lwanga, na wadogo imani ya Kizito. Uwaponye walioumizwa, uwageuze wanaoumiza, uwape ujasiri wanaotazama. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tunawatakia Dominika njema.