Kupima Ukuta Ukiwa na Wakazi Wake

Mwaka 2001, katika mji wa Haverhill, mkoani Suffolk, Uingereza, zilijengwa nyumba mbili ambazo kuta zake ni mchanganyiko wa chokaa na vipande vya mabua ya hemp, mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi. Nyumba hizo zililinganishwa na mbili za matofali. Nishati ya kupashia joto nyumba za hemp haikuzidi ile ya nyumba za matofali. Kumbe vipima joto vya ndani vilionyesha kuwa nyumba za hemp zilikaa na joto zaidi kwa nyuzijoto 1 hadi 2. Aliyetazama ankara peke yake angesema kuta hizi ni sawa. Hoja yangu inaanzia hapo: kihami joto kitokanacho na mimea hakihukumiwi kwa kipimo kimoja, wala hakihukumiwi maabara tu.

Wapo watakaosema kwamba maabara inatosha, kwa kuwa nyumbani tabia za watu huvuruga matokeo: huyu hufungua madirisha, yule hupika kutwa nzima. Pingamizi hili lina uzito, na nyumba nne ni chache mno kulimaliza. Ndiyo maana nyumba hupimwa kwanza ikiwa tupu, ikipashwa joto kwa umeme unaohesabiwa, kisha ikiwa na wakazi. Lakini maabara nayo haioni kila kitu. Huko Stamford Brook, karibu na Manchester, wasanifu walichukulia kwamba ukuta unaotenganisha nyumba mbili zenye joto haupotezi joto lolote. Vipimo vilionyesha hewa iliyo katikati ya ukuta huo ikilibeba joto hadi darini na kulitoa nje. Kanuni za ujenzi za Uingereza zikabadilishwa. Kosa la aina hiyo haliwezi kugunduliwa kwa kupima kipande cha ukuta mezani.

Hofu kubwa zaidi ni kuoza, na wenye hofu hiyo hawastahili kubezwa. Mabua, nyasi na mbao huoza yanapokaa na maji kwa muda mrefu. Kwa mbao, hatari huanza unyevu unapopita takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Basi vipima unyevu vizikwe ndani kabisa ya ukuta, chini ya madirisha, na upande usiopigwa na jua. Tena viachwe miaka kadhaa, maana ukuta wa chokaa hujengwa ukiwa mbichi na hukauka taratibu. Kipimo cha msimu mmoja kinaweza kuulaumu ukuta kwa maji ya ujenzi wake wenyewe.

Kwetu pwani, swali linageuka. Katika nyumba ya Dar es Salaam yenye kiyoyozi, joto na mvuke husukumwa kutoka nje kuingia ndani, na unyevu unaweza kutuama mahali ambapo vipimo vya Suffolk havikuwahi kuutafuta. Anayetaka kujenga kwa mabaki ya mkonge wa Tanga avitegeshe vipima vyake upya, kuanzia upande wa ndani wa ukuta.