Faini Moja kwa Wote: Je, Ndiyo Haki Sawa?

(Mazungumzo na viongozi wa walei na wanajumuiya, Msanzi)



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista, akina mama na akina baba, nanyi vijana mnaotafuta riziki kwa pikipiki. Tumekutana kuzungumzia jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana ni la polisi na madereva peke yao, yaani faini ya mwendo kasi. Swali letu ni hili: anayezidisha mwendo atozwe kiasi kile kile bila kujali ana nini, au faini ilingane na kipato chake?

Tunauliza hivyo kwa sababu barabara imetufikia. Lami itokayo Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga imetuletea mema mengi. Mahindi na maharage hufika sokoni upesi, mgonjwa huwahishwa hospitali, na malori hupeleka mizigo ya kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo. Lakini lami hiyo hiyo imeleta mwendo ambao Ufipa yetu haikuuzoea. Mtoto aendaye shule, mama mwenye kuni kichwani na kijana anayeswaga ng'ombe wa kulimia, wote wanatumia njia moja na gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa.

1. Sheria inalinda nini?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa ili kujaza mfuko wa serikali. Ilitungwa kulinda uhai. Ndiyo maana kwenye makazi ya watu mwendo umewekewa kikomo cha kilometa 50 kwa saa, na mabasi na malori makubwa yamewekewa kikomo cha kilometa 80 hata nje ya makazi. Gari likiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya pigo lake haiongezeki mara mbili tu, bali mara nne. Shirika la Afya Duniani linatufundisha kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye vifo huongezeka kwa asilimia 4 hivi.

Basi faini ni kama ua wa shamba. Kazi ya ua ni kuzuia. Ukiwa mrefu upande mmoja na mfupi upande mwingine, ng'ombe watapita pale palipo pafupi, na mazao yataliwa yote.

2. Shilingi zile zile, uzito tofauti

Tuchukue mfano wa watu watatu. Wa kwanza ni kijana wa bodaboda ambaye, akishatoa mafuta na fedha ya mwenye pikipiki, hubaki na shilingi 10,000 kwa siku. Wa pili ni mtumishi apataye shilingi 50,000 kwa siku. Wa tatu ni mfanyabiashara ambaye faida yake ni shilingi 300,000 kwa siku. Wote watatu wamepita mbele ya shule kwa mwendo wa kilometa 80, nao wote wakatozwa shilingi 30,000.

Kijana amepoteza jasho la siku tatu, na huenda nyumbani pakakosekana fedha ya daftari. Mtumishi amepoteza zaidi kidogo ya nusu ya siku. Mfanyabiashara amepoteza sehemu moja ya kumi ya siku, yaani muda wa kunywa chai na kusoma gazeti. Kwa wa kwanza faini ni adhabu. Kwa wa tatu imegeuka kuwa bei: analipa, anachukua risiti, na kesho anakimbia tena. Hapo sheria imemuuzia ruhusa ya kuhatarisha watoto wetu, na tena kwa bei nafuu.

3. Maandiko yanatuangazia vipi?

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 5, sadaka ya kuondoa kosa haikuwa moja kwa wote. Mwenye uwezo alileta kondoo au mbuzi. Asiye na uwezo huo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Aliyekosa hata ndege alileta unga kidogo. Kosa lilikuwa lile lile, lakini kila mmoja alitoa kitu ambacho kwake kilikuwa na uzito. Yosefu na Maria nao, walipompeleka Mtoto Yesu hekaluni, walitoa sadaka ya wasio na uwezo wa mwana-kondoo, kama Luka anavyosimulia katika sura ya 2.

Hata hivyo, tusichague tu yale yanayotupendeza. Kitabu cha Kutoka, sura ya 30, kinaagiza kwamba katika hesabu ya watu kila mmoja atoe nusu shekeli. Tajiri asizidishe, wala maskini asipunguze. Nayo sura ya 19 ya Walawi inamwonya mwamuzi asimpendelee maskini wala asimstahi mkubwa.

Je, maagizo haya yanapingana? Sisi tunaona kwamba hayapingani. Nusu shekeli ilikuwa fidia ya uhai, na uhai wa watu wote una thamani moja. Sadaka ya kosa ilikusudiwa kumgusa mkosaji, na watu hawaguswi na kiasi kimoja. Kwa hiyo tukitaka uhai wa mtoto wa Msanzi uheshimiwe sawasawa na kila dereva, hatuna budi kuweka adhabu itakayomgusa kila dereva.

4. Wenzetu wamefanyaje?

Nchi ya Ufini, kaskazini mwa Ulaya, ilianza utaratibu wa faini za siku mwaka 1921. Uzito wa kosa huamua idadi ya siku, na kipato cha mkosaji huamua thamani ya kila siku. Wakosaji wadogo wa mwendo hulipa kiasi maalumu; waliozidisha sana ndio huhesabiwa kwa siku. Mwaka 2023 tajiri mmoja, Anders Wiklöf, alikamatwa akienda kilometa 82 mahali pa kilometa 50. Alitozwa euro 121,000 na kunyang'anywa leseni kwa siku 10.

Lakini utaratibu huo unasimama juu ya nguzo moja: serikali inajua kipato cha kila raia. Hata huko nguzo hiyo iliwahi kuyumba. Mwaka 2002 Anssi Vanjoki, mkurugenzi katika kampuni ya Nokia, alitozwa euro 116,000. Alipokata rufaa na kuonyesha kwamba kipato chake kilikuwa kimeshuka, alipunguziwa kwa zaidi ya asilimia 90. Nao Uingereza walianza faini za kipato mwaka 1992, wakaziacha mwaka uliofuata. Mtu mmoja aliyetupa chini pakiti ya viazi vya kukaanga alitozwa pauni 1,200 kwa kuwa tu hakutoa maelezo ya kipato chake. Wananchi walikasirika, na utaratibu mzima ukaanguka.

5. Na sisi je?

Hapa kwetu nguzo hiyo bado ni dhaifu. Nani aweza kuandika kipato cha mkulima wa ulezi ambaye mwaka huu amevuna na mwaka jana alikosa? Tajiri asiye mwaminifu angeweza kuficha mali yake katika majina ya ndugu, na mtumishi ambaye mshahara wake uko wazi ndiye angebeba mzigo wote. Tena faini kubwa sana barabarani yaweza kuzaa rushwa: ikiwa deni ni milioni moja, kishawishi cha kumalizana kando ya njia nacho kinakua.

Lakini njia ya kati ipo, na taifa letu limekwisha kuigusa. Mwezi Juni 2021, akisoma bajeti Bungeni, Waziri wa Fedha alipendekeza faini ya pikipiki na bajaji ipunguzwe kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Pendekezo hilo halikumdai mtu yeyote hati ya kipato. Lilitazama chombo anachoendesha, kitu ambacho askari, dereva na mpita njia wote wanakiona.

Kipimo hicho kina kasoro zake. Dereva wa lori mara nyingi ni mwajiriwa maskini, na tajiri ni mwenye lori aliyekaa nyumbani akimhimiza awahi. Aidha, faini ndogo ya pikipiki isimfanye kijana adhani kwamba pikipiki haiui.

6. Msimamo wetu

Kwa hiyo tunasema hivi. Faini kulingana na uwezo ni haki, na wanaosema ni wivu kwa matajiri hawajaitazama vizuri. Hata hivyo, kwa sasa uwezo huo upimwe kwa vitu vinavyoonekana: aina ya chombo, matumizi yake, na kiasi cha mwendo kilichozidishwa. Mwenye chombo anayemlazimisha dereva kukimbia ashiriki adhabu. Na yule anayerudia rudia kosa, awe tajiri au maskini, afungiwe leseni, kwa maana siku ni saa 24 kwa kila mtu, na hakuna awezaye kuzinunua.

Nasi tuna wajibu wetu. Abiria anayemshangilia dereva kwa kulipita basi jingine ni mshiriki wa kosa. Anayetoa kitu kidogo ili asiandikiwe faini amemwibia jirani ulinzi wake. Tulipe kwa namba halali ya malipo, tudai risiti, na madai yetu kuhusu viwango vya faini tuyapeleke kwa diwani na mbunge, kwa adabu na bila woga.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika kijiji chetu faini inawazuia wote kukimbia, au inawazuia maskini tu?
2. Wenye pikipiki na magari waliomo katika jumuiya yetu wanawadai madereva wao fedha kiasi gani kwa siku? Je, hesabu hiyo inawasukuma kukimbia?
3. Ni mahali gani kando ya barabara yetu ambapo watoto huvuka kwa hatari, na ni nani atakayekwenda kuzungumza na viongozi wa kijiji kabla ya mkutano wetu ujao?