Pampu Mbili za Pumu

Leo tunazungumzia pumu, na hasa ile pampu, au inhela, ambayo wagonjwa wengi huiacha kabatini.

Mwenye pumu huwa na uvimbe kwenye kuta za njia za hewa hata siku anapojiona mzima. Likimpata vumbi, moshi wa kuni au mafua, misuli inayozunguka njia hizo hujikaza, ute mzito hujaa, hewa ikakosa pa kupita. Kinachomshinda zaidi ni kutoa pumzi, na hapo ndipo kifua kinapolia kama filimbi.

Pampu ya salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya buluu, hulegeza misuli hiyo kwa dakika chache. Nafuu yake hudumu saa 4 hadi 6, lakini uvimbe unabaki palepale. Kuutuliza kunahitaji steroidi ya kuvuta, kama budesonidi au beklometasoni, inayotumiwa kila siku. Hii huchukua siku kadhaa, pengine wiki, ndipo mtu aone tofauti, na kwa sababu hiyo watu huiacha. Nakusihi usiiache. Ukijikuta unaikimbilia ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwone daktari.

Wapo wanaoogopa kwamba pampu humzoesha mtu, wakaona heri vidonge. Lakini kidonge cha salbutamol cha miligramu 4 kina dawa mara 40 ya mbonyezo mmoja wa pampu wa mikrogramu 100. Ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo ukaenda mbio.

Kwa mtoto, daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 ikiunganishwa na pampu inasaidia sana. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, chomeka, ziba pembeni isivuje. Mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, avute pumzi 5 au 6 taratibu, ndipo ubonyeze tena. Akimaliza steroidi, asukutue, asije akaota utando mweupe mdomoni.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, au mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi, mketishe wima, mpe ile ya buluu mibonyezo 4 hadi 10, mmoja baada ya mwingine, mkimbizeni hospitali. Njiani, rudieni kila dakika 20.