Mali ya Nchi na Kura ya Raia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Pasiansi, Mwanza)



Ng'ambo ya maji haya iko Geita, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu umefanya kazi tangu mwaka 2000. Yatupasa kuitazama mali hiyo kwa jicho la Visiwani, kwa kuwa nasi tulikuwa na dhahabu yetu, nayo ni karafuu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, mnunuzi wa karafuu alikuwa mmoja tu, yaani Serikali. Mkulima wa Pemba alilipwa sehemu ndogo ya bei ya ng'ambo, na aliyezivusha kwa magendo hadi Mombasa aliitwa mhalifu. Na tangu mwaka huo hadi 1980 Visiwa havikuwa na uchaguzi wao wenyewe. Hatusemi kuwa karafuu ndizo zilizoondoa kura. Kura iliondolewa na watu. Twasema karafuu ziliwawezesha kukaa bila ya kura. Mtawala aishiye kwa kodi hana budi kumsikiliza mlipaji. Lakini yule ambaye hazina yake hujazwa na meli bandarini, amsikilize nani? Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980, ndipo milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa, na vyama vingi vikarejea mwaka 1992.

Wako wasemao kuwa mali yenyewe ni laana. Hayo hatuyakubali. Botswana ilipiga kura mwaka 1965, ikapata uhuru 1966, na almasi zikagunduliwa Orapa 1967. Uchaguzi haukukatika, na mwaka 2024 chama kilichotawala tangu uhuru kilishindwa, kikakabidhi madaraka kwa amani. Huko kura iliitangulia almasi.

Sasa tujitazame. Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya mafuta na gesi mwaka 2016, na mkataba wa utafutaji ukatiwa saini 2018. Mwenye duka hufungua daftari kabla ya bidhaa kuingia, si baada ya kuibiwa. Basi kabla ya pipa la kwanza kutoka, tudai mambo matatu: mikataba isomwe hadharani, mapato yakaguliwe na hesabu zake zitangazwe, na tume ya uchaguzi isiwe mkono wa yule ashikaye funguo za hazina.

Mali ya nchi ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuuliza.