Sayansi Hutaka Mnyororo Usiokatika



Taifa huweza kupandisha bendera yake kwa siku moja, lakini mwalimu wa fizikia hapatikani kwa siku moja. Historia ya Chuo Kikuu cha Burundi ni ushahidi wa jambo hilo.

Burundi ilijitawala tarehe 1 Julai 1962. Mwaka 1964 taasisi chache za elimu ya juu zilizokuwapo, mojawapo ikiwa ile ya kilimo iliyoundwa mwaka 1958 chini ya utawala wa Ubelgiji, ziliunganishwa, kikazaliwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Mwaka 1965 ikaanzishwa Shule Kuu ya Ualimu, ili shule za sekondari zipate walimu wazalendo, wakiwamo wa hisabati na sayansi. Mwaka 1973 shule hiyo iliingizwa katika chuo kikuu, na mwaka 1977 chuo kikaitwa Chuo Kikuu cha Burundi.

Hizo ni hatua za heshima. Hata hivyo, mnyororo huo umekatwa zaidi ya mara moja. Katika mauaji ya mwaka 1972, yaliyowalenga hasa Wahutu wenye elimu, wanafunzi wa chuo hicho hawakusalimika. Mwezi Juni 1995 damu ya wanafunzi Wahutu ilimwagika tena, safari hii katika kampasi ya Mutanga.

Chombo cha maabara kikivunjika, hununuliwa kingine. Lakini mwanafunzi wa kemia akiuawa, hupotea pamoja naye maelfu ya vijana ambao angaliwafundisha. Hasara ya namna hiyo haiandikwi katika hesabu ya serikali, nayo hulipwa na vizazi.

Shule Kuu ya Ualimu ilianzishwa upya mwaka 1999, na mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi ni nyingi. Nikeli ya Musongati yahitaji wanajiolojia. Maji ya Ziwa Tanganyika, yanayoonekana kutoka vilima vya Mutanga, yahitaji wanakemia wa kuyapima.

Basi wenye mamlaka na wajenge maabara, wanunue vitabu na mizani. Lakini chombo cha kwanza cha sayansi ni amani: mwanafunzi alale salama bwenini, ili kesho asimame mbele ya ubao na kufundisha wengine.