Paka Hufuata Nini?



Kila mwaka nawapa wanafunzi wapya zoezi lile lile: duara jekundu, tuliite paka, limfukuze panya, nukta nyeusi, kwenye skrini tupu. Sijapata kulichoka.

Wengi huanza hivi: panya akiwa kulia, paka asogee pikseli moja kulia, akiwa juu, asogee moja juu. Programu inafanya kazi, lakini mtazame paka huyo vizuri. Anaanza mshazari, halafu ghafla ananyooka kama anayepapasa ukuta. Tena kwenye mshazari ana kasi zaidi, karibu mara 1.41, kwa sababu moja ya kulia na moja ya juu zikiungana huzaa kipeuo cha pili cha 2. Kasi hiyo hakuna aliyemwagiza.

Dawa ni kumpa mwelekeo. Tafuta tofauti ya mahali pa panya na pa paka, kwa mlalo na kwa wima. Pata umbali kwa kanuni ya Pythagoras, gawanya kila tofauti kwa umbali huo, kisha zidisha kwa mwendo unaoutaka. Rudia mara 60 kwa sekunde, yaani katika kila fremu.

Siku moja mwanafunzi aliniita: paka kamfikia panya aliyesimama, lakini hatulii, anatetemeka juu yake. Tukachapisha namba za kila fremu. Hatua ya paka ilikuwa pikseli 5, na umbali uliobaki 3. Alikuwa anapitiliza kwa 2, anageuka, anapitiliza kwa 3, anageuka tena, bila mwisho. Sharti moja lilimtuliza: umbali ukiwa mdogo kuliko hatua, au sawa nayo, mweke paka pale pale alipo panya. Sharti hilo likitangulia, linakuepusha pia na kugawanya kwa sifuri.

Sasa panya akimbie, na paka aache alama anapopita. Linajichora tao laini ajabu, na hakuna mahali tulipoandika tao. Tuliandika swali moja tu, panya yuko wapi sasa hivi, na paka analiuliza upya katika kila fremu. Tao hilo Mfaransa Pierre Bouguer alilichambua mwaka 1732, akifikiria jahazi la maharamia linalofukuza jahazi la biashara.

Hesabu yake inafundisha. Tuseme panya yuko pikseli 300 mashariki ya paka na anakimbilia kaskazini bila kupinda, naye paka ana mwendo mara mbili ya wake. Paka atamkamata akiwa ametembea takriban pikseli 400. Angejua kasi ya panya na kumkingia mbele kwa mstari ulionyooka, zingemtosha 346. Miendo yao ikilingana, paka wa tao hamkamati kamwe. Pengo linapungua kuelekea nusu ya lile la mwanzo, pikseli 150, na hapo linaganda.

Basi kwa nini tusimfundishe kila paka kukingia? Jibu limo ndani ya Pac-Man, mchezo ulioongozwa na Toru Iwatani na kutolewa na Namco mwaka 1980. Humo mazimwi humfukuza Pac-Man, anayeongozwa na mchezaji. Zimwi jekundu hulenga mraba aliomo Pac-Man. La waridi kwa kawaida hulenga mraba wa nne mbele ya anakoelekea, ndiyo maana yakishirikiana mchezaji hujikuta amebanwa katikati. Lakini wachezaji wazoefu waligundua ujasiri mmoja: elekea lile la waridi uso kwa uso. Mkiwa karibu, shabaha yake inaangukia nyuma ya mgongo wake, na kwenye njia panda zimwi linaweza kukata kona na kukuachia njia. Lile jekundu, lisilobashiri chochote, linaendelea kukujia.