Kufunga na Kufungua Kijiko cha Trekta Dogo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nanasi halipendi maji yatuame shinani pake. Mkulima wa Kiwangwa analijua jambo hilo hata kabla ya kuambiwa na bwana shamba. Masika yakikaza kati ya Machi na Mei, shamba lisilo na mtaro huanza kugeuka rangi, mizizi huoza chini kwa chini, na mche uliongojewa mwaka mmoja na nusu hung'oka kwa mkono mmoja kama kitunguu. Dawa yake ni mtaro uliochimbwa mapema. Mtaro kwa jembe na sururu ni kazi ya siku nyingi na vibarua wengi, ndiyo maana vyama vimeanza kuulizia kijiko kinachofungwa nyuma ya trekta dogo.

Kijiko, kama mafundi walivyokwisha kukiita, ni ule mkono wa chuma wenye ndoo ya meno, uchimbao kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu ya trekta. Mashine kubwa za aina hiyo, ambazo mkono wake ni sehemu ya mwili wa gari lenyewe, zilianza kutengenezwa Uingereza na kampuni ya JCB mwaka 1953, na wengi wameziona katika kazi za barabara. Lakini mashine ya namna hiyo haivuti haro. Chama cha msingi chenye trekta moja la nguvu ya farasi 30 au 40 kinahitaji trekta hilo lichimbe mtaro juma hili, na juma lijalo livute tela la mananasi hadi barabara ya lami ya Bagamoyo na Msata. Kwa hiyo thamani ya kijiko kwa chama imo katika kufungika na kufunguka kwake. Kamati nyingi za ununuzi huuliza kwanza kinachimba kina gani. Swali hilo si baya, ila lingekuja la pili. La kwanza ni hili: kinafungwaje, na watu wangapi, kwa muda gani?

Maana kijiko kisichofunguka kwa urahisi huachwa mgongoni mwa trekta mwaka mzima. Hapo trekta hubeba mzigo wa kilo mia kadhaa kila liendako, hula mafuta bure, huchosha matairi ya nyuma, na haro ya chama hubaki majanini ikiota kutu. Au hutokea kinyume chake: kikishafunguliwa mara moja kwa nyundo na watu watano, hakuna anayethubutu kukifunga tena, na mitaro hurudia kuchimbwa kwa sururu wakati fedha za wanachama zimelala chini ya mwembe.

Ziko namna mbili za kukishika kijiko. Namna ya kwanza ni kukitundika katika ile mikono mitatu ya kunyanyulia iliyo nyuma ya trekta. Namna ya pili ni kukikalisha juu ya fremu yake mwenyewe, iliyofungwa kwa bolti chini ya tumbo la trekta, ili nguvu ya kuchimba ienee katika mwili mzima.

Namna ya kwanza ni rahisi kwa bei, na hapo ndipo penye mtego. Mikono mitatu ilibuniwa na Harry Ferguson, mhandisi mzaliwa wa Ireland, na ikaenea duniani baada ya yeye kupatana na Henry Ford mwaka 1938. Iliundwa kwa ajili ya jembe: jembe linapovutwa ardhini, mvuto wake hukandamiza magurudumu ya trekta yashike udongo vema zaidi. Ni ubunifu mkubwa, na kila aliyelima na Massey Ferguson 135 ameufaidi. Lakini kijiko hakivutwi. Husukuma chini, huvuta kuelekea trekta, na kila kisukumapo chini, chenyewe hutaka kupanda juu. Mikono ya kunyanyulia kwa kawaida haina nguvu ya kukizuia kisipande. Kikipanda hujikunja kuelekea mbele, na aliyeketi kati ya kijiko na kiti cha trekta hana pa kukimbilia. Hata pasipotokea ajali, nguvu hizo huweza kupasua chuma cha kusubu cha sehemu ya nyuma ya trekta, na ukarabati wake waweza kumaliza akiba ya chama. Kwa hiyo, isipokuwa mtengenezaji wa trekta ameruhusu kwa maandishi, kijiko cha kutundika kisinunuliwe, hata kikitolewa kwa nusu ya bei.

Sasa yafuata maelezo ya kijiko cha fremu. Yanaanza na kufungua, wala si kufunga, kwa sababu namna kijiko kilivyoachwa ndiyo namna kitakavyopokelewa siku ya kurudiwa.

Mahali pa kukiachia pawe pagumu na pa sawa. Udongo wa pwani una mchanga mwingi, na baada ya mvua moja miguu ya kijiko huzama upande mmoja. Siku ya kukifunga, fremu na kulabu hazitaonana, na hapo nyundo huanza kutafutwa. Sakafu ya zege chini ya paa ndiyo bora. Isipopatikana, mbao nne nene zitandikwe chini ya miguu na chini ya ndoo. Paa si anasa. Mipira ya mafuta ikipigwa na jua miaka miwili hupasuka ngozi yake.

Dereva huweka breki ya mkono, huketi kwenye kiti cha kijiko, huteremsha miguu yote miwili na kuilaza ndoo chini mpaka uzito wa kijiko uwe juu ya ardhi. Ndipo pini hutolewa. Pini ikikataa isipigwe. Kukataa kwake ni habari: bado imebeba uzito. Miguu ipandishwe au ishushwe kidogo, na pini itatoka kwa vidole. Fundi apigaye pini nyundo huivimbisha kichwa, na kutoka siku hiyo haitaingia wala kutoka bila kupigwa.

Pini zikiisha kutoka, kijiko hujinyanyua chenyewe. Mafuta bado yanatoka kwenye trekta, na dereva, kwa miguu na mkono wa kijiko, hukiinua polepole hadi kulabu ziachane na fremu. Usukani wa kijiko uendeshwe kutoka kitini tu. Mtu asimamaye chini na kunyoosha mkono kuzivuta fimbo zake amejiweka penye njia ya chuma kinachotembea. Baada ya hapo injini huzimwa, na fimbo zote hupelekwa huku na huku mara kadhaa ili nguvu iliyobaki ndani ya mipira ilegee. Hapo ndipo mipira huchomolewa, vichwa vyake vikapanguswa na kufunikwa. Chembe ya mchanga iliyoingia kwenye mafuta husafiri hadi kwenye pampu, na pampu haina meno ya kutafuna mchanga.

Jambo linalofuata husahauliwa kuliko yote. Katika matrekta mengi madogo mafuta ya haidroliki hayakai yakingoja kuitwa. Huzunguka daima, kutoka kwenye pampu kwenda kwenye kijiko, na kutoka kwenye kijiko kurudi kwenye mikono ya kunyanyulia na kwenye tangi. Kijiko kikiondolewa, duara limekatwa. Basi ile mipira miwili iliyobaki upande wa trekta hapana budi iunganishwe yenyewe kwa yenyewe, wa kutokea kwa wa kurudia, kabla injini haijawashwa. Usipounganisha, pampu husukuma mafuta yasiyo na pa kwenda. Itasikika ikiguna, mafuta yatachemka, mikono ya nyuma haitanyanyua haro, na kitu chochote dhaifu, oili sili au mpira, kitapasuka. Trekta likifikishwa gereji katika hali hiyo huweza kufunguliwa pampu nzima, na kumbe kilichokosekana ni kuunganisha mipira miwili. Kitabu cha trekta husema kama lake ni la namna hiyo, nacho kikae ofisini mwa chama, si nyumbani kwa dereva.

Baada ya kuunganisha, trekta husogezwa mbele moja kwa moja, bila kukata kona, mpaka liwe mbali na kijiko.

Kufunga ni safari hiyo hiyo kinyumenyume, na hatari yake moja yazidi nyingine zote. Utingo wetu wa pwani ana desturi ya kusimama kati ya trekta na zana, akipunga mkono na kusema "rudi, rudi". Mguu wa dereva ukiteleza kwenye klachi, utingo huyo hana hata nafasi ya kupiga kelele. Msaidizi asimame ubavuni, mbali, mahali dereva anapomwona uso. Trekta lirudi taratibu na kusimama hatua moja kabla ya kijiko, breki ya mkono ivutwe, injini izimwe, ndipo mtu aingie kati kuunganisha mipira. Vichwa vya mipira vipakwe rangi mbili, nyekundu kwa nyekundu na nyeupe kwa nyeupe, maana kuikosea huweza kuharibu vali. Injini huwashwa tena kwa moto mdogo, kijiko huteremshwa juu ya fremu kwa fimbo zake chenyewe, pini huingizwa pande zote mbili, na kila pini hufungwa kwa kishikizo chake. Dereva azunguke atazame kwa macho yake. Kuambiwa "tayari" na mwingine hakutoshi. Mikono ya kunyanyulia nayo iondolewe au ifungwe juu, isigongane na fremu.

Mafuta yakivuja, mkono usipitishwe kutafuta tundu. Nguvu yake hufika bar 150 na zaidi, wakati tairi la gari dogo hujazwa takribani bar 2. Mchirizi mwembamba usioonekana hupenya ngozi kama sindano. Kidonda chake ni kidogo na hakiumi sana mwanzoni, jambo linalowadanganya watu warudi kazini, kumbe mafuta yanaua nyama ndani, na kidole au mkono huweza kukatwa. Kipande cha boksi kipitishwe badala ya mkono. Aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile, Bagamoyo au Tumbi, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya mashine yaliyoingia kwa nguvu, asije akalitazama kama jeraha la mwiba.

Liko na la mizani. Trekta lenye ndoo ya mbele hutegemea uzito wa kijiko nyuma. Kijiko kikiondoka, nyuma huwa nyepesi, na ndoo ya mbele ikijazwa mchanga na kuinuliwa juu kwenye mteremko, trekta laweza kupinduka. Sanduku la chuma lililojazwa zege na kutundikwa nyuma hurudisha mizani.

Hayo ni ya dereva. Yapo ya katibu, na pengine ndiyo mazito zaidi. Vyama vingi hukodisha mashine kwa saa ya kuchimba. Saa ya kufunga na kufungua haina wa kuilipa, basi dereva huiiba: huruka kutandika mbao, huruka kulegeza mipira, hupiga nyundo. Si uvivu wake, bali ni hesabu ya chama iliyomfundisha. Ada ya kukodi ihesabiwe tangu kijiko kinapoanza kufungwa hadi kinapofunguliwa, na mwanachama aelezwe sababu yake mkutanoni kabla hajaiona kwenye stakabadhi.

Pini nazo ziwe mali yenye daftari. Pini ikipotea shambani, kipande cha nondo hukatwa na kuingizwa mahali pake. Nondo si chuma cha kazi hiyo. Hupinda kwanza, kisha hukatika, na hukatika mkono ukiwa umejaa udongo. Chama kiwe na pini mbili za akiba kutoka kwa muuzaji wa mashine hiyo, zenye unene ule ule. Aidha, dereva aliyeajiriwa na chama aandikishwe katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama sheria inavyotaka, hata kama ni mpwa wa mwenyekiti.

Mwisho ni ratiba. Hakuna sababu ya kufunga na kufungua kijiko kila juma kwa kufuata nani amefika ofisini kwanza. Kazi zote za mitaro, mashimo ya vyoo na visima vya kunyweshea zikusanywe katika duru mbili, moja kabla ya vuli ya Oktoba na nyingine Februari, kabla ya masika, na mashamba ya jirani yafuatane. Orodha ibandikwe ubaoni mwa ofisi mwezi mzima kabla ya duru kuanza, na mwanachama aliyechelewa kujiandikisha angoje duru nyingine.